Waulizeni Wakazi Kabla Orodha ya Maeneo ya Kihistoria Haijaandikwa

Mwaka 1991, wakati kiwanja kikiandaliwa kwa ajili ya jengo jipya la ofisi za serikali kuu ya Marekani kusini mwa Manhattan, jijini New York, mifupa ya watu ilianza kuonekana. Hadi ufukuaji ulipokoma, mabaki ya watu zaidi ya 400 yalikuwa yametolewa ardhini: wanaume, wanawake na watoto wengi, Waafrika na wazao wao, watumwa na walio huru, waliozikwa hapo kuanzia mwishoni mwa karne ya 17 hadi miaka ya 1790. Inakadiriwa kwamba eneo zima la makaburi hayo lilipokea watu wapatao 15,000.

Linaloniuma katika kisa hiki si usahaulifu. Ramani ya mji ya karne ya 18 ililionyesha eneo hilo na jina lake likaandikwa wazi, na walioandaa tathmini kabla ya ujenzi waliliona. Wakadhani kwamba majengo yaliyosimama juu yake kwa miaka mingi, pamoja na vyumba vyake vya chini, yalikwisha kuvuruga karibu kila kitu. Walikosea, kwa sababu ardhi ile ilikuwa ya bondeni, ikajazwa udongo mwingi mji ulipopanuka, na makaburi mengi yakabaki salama mita kadhaa chini ya usawa wa barabara. Lakini kosa kubwa zaidi lilikuwa la namna ya kusoma. Kwao jina lile kwenye ramani lilikuwa habari ya udongo. Kwa wakazi Weusi wa New York lilikuwa habari ya wazee wao, nao hawakuwapo mezani lilipokuwa likisomwa.

Walipojua, walikuja wenyewe. Waliandamana, wakakesha kwa sala, wakadai uchimbaji usimame na mabaki yashikwe kama wafu wa watu, yasishikwe kama vizuizi vya ratiba. Mwaka 1992 Bunge la Marekani likaingilia na ufukuaji ukasimama. Utafiti wa mabaki ukahamishiwa Chuo Kikuu cha Howard. Mwaka 1993 eneo likatambuliwa rasmi kitaifa. Oktoba 2003 wafu wakazikwa tena palepale. Na mwaka 2006 pakatangazwa kuwa mahali pa kumbukumbu ya taifa. Yote hayo yalikuja baada ya makaburi kufunguliwa. Kama wazao wa waliozikwa wangeulizwa siku ile ramani ilipokunjuliwa, sidhani kama kuna ambaye angekubali kwamba jina "makaburi" ni jambo la kuachiwa makadirio.

Miji mingi bado inafuata mpangilio huo. Wataalamu huandika orodha ya majengo ya kihistoria, wakuu wa mji huipitisha, kisha wakazi huitwa ukumbini kuionyeshwa. Hiyo ni sawa na kualikwa kushuhudia ndoa iliyokwisha kufungwa. Msimamo wangu ni kwamba mkazi anapaswa kuwapo tangu swali la kwanza kabisa, lile la kuuliza mahali gani ni pa kihistoria na kwa nini, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu haiandikwi ukutani.

Sisemi hivyo kwa kuwabeza wataalamu. Msanifu majengo mwenye uzoefu huona mambo ambayo aliyezaliwa mtaa huo hajawahi kuyaona: kwamba ghorofa ya juu iliongezwa baadaye, kwamba nguzo za mbele ni za chuma cha kusubu, kwamba plasta ya saruji iliyopakwa juu ya chokaa inaufanya ukuta wa mawe uoze kwa ndani. Bila jicho hilo tungehifadhi rangi na kupoteza jengo. Ila jicho hilo lina mpaka wake. Linapita barabarani, linatazama uso wa nyumba, linauliza mwaka, mtindo na jina la mbunifu, kisha linaendelea na nyumba ya pili. Nyumba ya mabati ambamo chama cha wafanyakazi wa bandari kilianzishwa haitalisimamisha. Ukumbi wenye paa la kawaida ambamo kizazi kizima kilifungia ndoa hautalisimamisha. Wala uwanja mtupu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mtaa usioishi hujui ni mlango upi watu walikuwa wakiugonga usiku walipokuwa na mgonjwa.

Katika maandishi, jambo hili lilikubalika zamani. Mkataba wa Burra, mwongozo wa uhifadhi wa maeneo ya urithi uliopitishwa nchini Australia mwaka 1979 na kufanyiwa marekebisho mara kadhaa baadaye, unahesabu thamani ya mahali kwa jamii pamoja na thamani ya uzuri, ya historia na ya kisayansi. Kifungu chake cha 12 kinataka watu wenye uhusiano wa pekee na mahali washirikishwe katika kupahifadhi, kupafafanua na kupasimamia. Mkataba wa Faro wa Baraza la Ulaya, wa mwaka 2005, ulikwenda mbali zaidi ukazungumzia urithi kama haki ya watu. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema hajaelekezwa. Tatizo liko kwenye utendaji: ripoti hujaza kurasa 40 za michoro ya madirisha, na "thamani kwa jamii" hupewa aya moja mwishoni, iliyoandikwa na mtu ambaye hakuzungumza na jamii.

Los Angeles ni mfano ninaopenda kuurejea, kwa sababu ni mji mkubwa mno, na bado haukutoa kisingizio cha "hatuna muda". Kabla ya mradi wao wa SurveyLA, ni takriban asilimia 15 tu ya mji iliyokuwa imewahi kukaguliwa kwa ajili ya historia. Kati ya 2010 na 2017, kwa ushirikiano na taasisi ya Getty, mji ulikagua eneo lake lote, viwanja zaidi ya 880,000. Kwa ukubwa huo hakuna timu inayoweza kuingia kila nyumba. Watafiti walipita na magari mtaa kwa mtaa. Ndiyo maana taarifa za wakazi zilihitajika mapema. Kulikuwa na mpango maalumu wa kuwataka watu wataje maeneo wanayoyajua, yaani yale ambayo mtafiti akipita na gari hataona chochote cha kumfanya akanyage breki. Pia ziliandikwa historia za jamii mbalimbali za mji, Walatino, Wamarekani Weusi, Wachina, Wajapani, Wakorea, Wafilipino na wengine, ili mtafiti ajue anatafuta nini. Utaratibu huo ndio ninaousifu, kuliko hata ukubwa wa kazi yenyewe: kwanza kisa, kisha ukuta.

Mji huohuo unatupa mfano mwingine, wa mahali pasipo na jengo kabisa. Biddy Mason alizaliwa utumwani mwaka 1818. Akiwa California aliushitaki utumwa wake mahakamani na mwaka 1856 akapata uhuru, yeye na watoto wake. Alifanya kazi ya ukunga na uuguzi, akaweka akiba, na mwaka 1866 akanunua ardhi katika mtaa wa Spring kwa dola 250. Nyumba yake ilikuwa kituo cha wahitaji na ndimo kanisa la kwanza la Wamarekani Weusi mjini humo lilimoanzia. Alifariki mwaka 1891. Nyumba ilitoweka, na kwa miaka mingi mpita njia hakuwa na dalili yoyote ya kumwambia kwamba amekanyaga kiwanja cha mwanamke huyo. Mwaka 1989 ukajengwa ukuta wa kumbukumbu, wenye urefu wa mita 25 hivi, unaosimulia maisha yake muongo kwa muongo. Kama kigezo cha orodha ni "jengo la asili liwe limesimama", Biddy Mason hayumo. Na wanaofanana naye, watu ambao nyumba zao zilikuwa duni, au zilivunjwa kwanza kwa sababu wao hawakuwa na sauti, hawatakuwamo kamwe.

Tuje kwenye swali lenyewe, maana hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibikia. Ukimuuliza mtu, "Ni majengo gani ya kihistoria katika mtaa wako?", atakutajia yale anayodhani wewe unataka kuyasikia: kanisa kubwa, msikiti mkongwe, stesheni, nyumba ya gavana. Umemuuliza kwa lugha ya ofisi, naye amekujibu kwa lugha ya ofisi. Sasa mwulize alijifunzia wapi kazi yake. Mwulize watu walikimbilia wapi mafuriko yalipokuja, na ni mahali gani pakibomolewa kesho atashindwa kumweleza mjukuu wake njia. Hapo majibu hubadilika. Mtafiti wa miji Kevin Lynch, katika utafiti wake uliotolewa mwaka 1960 kuhusu Boston, Jersey City na Los Angeles, aliwataka wakazi wachore mji kama wanavyoukumbuka. Walichochora kilikuwa njia, mipaka, makutano na alama zinazowaongoza, na mji huo wa kichwani haukulingana na ramani rasmi. Mbinu hiyo haigharimu chochote zaidi ya karatasi na kalamu, na ninashangaa kuona jinsi isivyotumika katika kuandaa orodha za urithi.

Bora zaidi ni kutembea. Mzee akiketi ukumbini mbele ya kipaza sauti husema mambo ya jumla. Mtoe nje, mwende polepole, umwache asimame anapotaka kusimama. Atainua mkono aonyeshe dirisha lililozibwa kwa matofali na kukuambia palikuwa na nini nyuma yake. Kumbukumbu nyingi zimehifadhiwa miguuni. Hazitoki mtu akiwa amekaa.

Na mkutano wa saa nne asubuhi siku ya kazi unachagua wahudhuriaji wake kabla hata haujatangazwa. Mchuuzi hayupo, dereva hayupo, muuguzi aliyetoka zamu ya usiku amelala. Wanaobaki ni wenye nafasi, ambao mara nyingi ndio wenye nyumba. Wapangaji, ambao katika miji mingi ndio wengi na huenda wamekaa miaka 30 katika chumba kilekile, hawaulizwi kwa sababu majina yao hayamo kwenye hati. Mtafiti Mmarekani Sherry Arnstein aliandika mwaka 1969 kuhusu ngazi ya ushirikishwaji yenye vidato vinane, kuanzia chini kabisa ambako wananchi wanachezewa tu, hadi juu ambako wanashika uamuzi. Kupewa taarifa na kuombwa maoni aliviweka katikati, miongoni mwa vile alivyoviona kuwa vya kuonyesha tu. Nadhani alikuwa sahihi, na nadhani mipango mingi ya urithi haijapanda kupita hapo.

Kuna kundi lingine linaloachwa hata na wenye nia njema: waliohamishwa. Tarehe 11 Februari 1966 serikali ya ubaguzi wa rangi ya Afrika Kusini iliitangaza District Six, mjini Cape Town, kuwa eneo la Wazungu. Watu zaidi ya 60,000 waliondolewa na nyumba zao zikasawazishwa na ardhi. Nyumba chache za ibada ndizo zilizosalia. Mkaguzi wa majengo angeandika nini hapo? Makumbusho ya District Six, yaliyofunguliwa Desemba 1994 ndani ya lililokuwa kanisa la Wamethodisti, yalitandika sakafuni ramani kubwa ya mitaa ya zamani. Wakazi wa zamani walikuja wakapiga magoti, wakaandika kwa mkono majina ya familia zao pale nyumba zao zilipokuwa. Mabango ya majina ya mitaa, yaliyookolewa na mtu aliyekuwa kwenye kazi hiyohiyo ya ubomoaji, yakatundikwa juu yao. Sijui chombo bora cha utambuzi wa maeneo ya kihistoria kuliko ramani ile. Haikuuliza mtu anaishi wapi leo. Iliuliza alikuwa akiishi wapi, na ikampa nafasi ya kuandika.

Nakubali kwamba kumbukumbu hukosea. Watu huchanganya miaka, huhamisha tukio kutoka nyumba moja hadi nyingine, humpa babu yao kazi iliyofanywa na jirani. Zipo pia familia mbili zinazodai nyumba moja, na jamii mbili zinazosimulia uwanja mmoja kwa namna zisizopatana, kwa mmoja pa ushindi na kwa mwingine pa msiba. Hoja hii hutumiwa kuwanyamazisha wakazi, nami siikubali kwa lengo hilo. Hati nazo hukosea, tena hukosea kwa upande mmoja: huwataja wenye mali na kuwaacha wengine. Kinachohitajika ni ukaguzi wa kawaida. Tarehe ipimwe kwa hati za ardhi, magazeti ya wakati huo, picha za zamani, ramani za kampuni za bima na vitabu vya anwani. Pale masimulizi yanapogongana juu ya maana, yaandikwe yote mawili, kila moja na mwenyewe. Orodha haina sababu ya kuwa hukumu ya kesi.

Ambacho sikiungi mkono ni kura. Miji mingine, ikitaka kuonekana imeshirikisha, huweka majengo kwenye mtandao na kuwataka watu wapige kura. Matokeo hujulikana mapema: jengo zuri la katikati ya mji hushinda, na kaburi la wageni waliokufa kwa kipindupindu hupata kura tatu. Idadi ya wanaopajua mahali haiwezi kuwa kipimo cha uzito wake. Mahali panapokumbukwa na familia 20 panaweza kuwa ndipo pekee familia hizo zilipobakiwa napo.

Halafu kuna hatari ambayo wapenzi wa urithi hatupendi kuizungumzia: orodha yenyewe inaweza kuua jengo. Mwezi Agosti 1980 kiwanda cha Firestone, upande wa magharibi wa London, jengo lenye uso maridadi lililofunguliwa mwaka 1928, kilivunjwa siku za mapumziko ya mwisho wa wiki, muda mfupi kabla ya kuwekwa kwenye orodha ya ulinzi. Hasira iliyofuata ilisaidia majengo mengine mengi ya kipindi hicho kulindwa, lakini lenyewe lilikuwa kifusi. Unapowataka wakazi wataje maeneo hadharani, unamjulisha pia mmiliki anayetaka kubomoa. Kwa hiyo ulinzi wa muda lazima utangulie tangazo. Wales iliingiza kinga hiyo katika sheria yake ya mwaka 2016: jengo linalopendekezwa linalindwa tangu mashauriano yanapoanza hadi uamuzi utolewe. Mji usio na kinga ya namna hiyo uanze kwa kukusanya taarifa kimyakimya, na uchapishe baadaye.

Hatari ya pili ni ya kodi ya pango. Mtaa ukishaitwa wa kihistoria huvutia wenye fedha, na wale waliousimulia hujikuta hawamudu tena kuishi ndani ya masimulizi yao. Kuta hubaki, watu huondoka. San Francisco ilijaribu kulijibu hili mwaka 2015 kwa sajili ya biashara kongwe, zile zilizodumu miaka 30 au zaidi na kuchangia historia ya mtaa, ambazo hustahili msaada wa kifedha. Uingereza, kwa sheria yake ya mwaka 2011, iliwapa wananchi haki ya kupendekeza majengo yenye thamani kwa jamii: mmiliki akitaka kuuza, uuzaji uliweza kusubirishwa hadi miezi sita ili jamii ijipange kununua. Hatua zote mbili ni ndogo, na miezi sita ni muda mfupi kwa watu wanaochangishana senti. Lakini zinakubali jambo la msingi, kwamba mahali hupewa thamani na kinachofanyika humo, na kinachofanyika kinahitaji watu wanaomudu kubaki.

Si kila kinachotajwa kichapishwe. Mwanamke anaweza kukuonyesha nyumba iliyowaficha waliokimbia vipigo. Wazee wanaweza kukuonyesha mahali pa ibada wasipotaka pajulikane na wageni. Kinasa sauti kizimwe wanapoomba, na sajili iwe na sehemu mbili, ya wazi na ya siri, kwa makubaliano na mtoa taarifa. Programu huria za kutunza kumbukumbu za urithi, kama Arches inayotumiwa na Los Angeles, huruhusu kuamua nani aone nini. Teknolojia hapa haina ugumu.

Ugumu uko kwenye kujibu. Mtu ametumia mchana mzima kukueleza, amekukopesha picha pekee ya mama yake, kisha mwaka unapita hajasikia neno. Akikutana na mtafiti mwingine atafunga mlango, na ana haki. Kila aliyependekeza mahali apewe jibu la maandishi: pameingia, au hapakuingia na sababu ni hizi, na anaweza kukata rufaa kwa njia hii. Kazi hiyo inahitaji karani anayelipwa, na bajeti yake iandikwe kabla ya bajeti ya vibao vya shaba.

Na kama fedha zimecheleweshwa, kazi isingoje. Ianze na watu wenye umri mkubwa kuliko wote, mtaa kwa mtaa, mwezi huu. Daftari, kinasa sauti cha simu, ramani iliyochapwa kwa ukubwa wa meza, na viatu vya kutembelea. Mkutano wa ukumbini utapangwa watakapokuwa wameshasikilizwa.